Duara lina pembe ngapi? Barua zenu na majibu

Toleo lililopita pale chini ya ukurasa nilitupia swali moja dogo, duara lina pembe ngapi, nikidhani watu watajibu kwa neno moja halafu tuendelee na mengine, kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki. Wengine mmeandika sifuri, wengine moja, wengine 360, wengine hazihesabiki, na yupo mmoja kaleta kurasa nne na michoro ya rula. Nimefurahi mno jamani, maana hili ni swali ninalolipenda kuliko karibu maswali yote ya jometri, kila ukilifungua unakuta lingine ndani yake. Leo ukurasa mzima ni wenu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nyumbani kwangu toka jana hamna amani. Mwanangu wa darasa la tano alikuja na homwek, taja idadi ya pembe za mraba, pembetatu na duara, akaandika 4, 3, 0. Baba yake kachungulia akamwambia futa hiyo sifuri weka 360, kwani hujaona hata dira imezungushiwa mpaka 360? Mama mkwe naye yuko pembeni anachambua mchele akasema nyote hamjui, kama duara halina pembe mbona kila siku nawaambia mfute pembeni mwa sinia na mnafuta? Mtoto kalala kazi haijaisha. Nani tumsikilize?
Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU: Marahaba mama yangu. Mwache mtoto na sifuri yake, kaandika sawa.

Mpe kidole, mwambie apitishe kwenye ukingo wa meza yenu taratibu akiwa kafumba macho. Kidole kinaenda, kinaenda, halafu ghafla ukingo unaisha na kuanza mwingine wa kuelekea kwingine, hapo ndo kwenye pembe. Meza ya kawaida kidole kitashtuka mara nne. Sasa mpe sinia la bibi, azunguke hata mara kumi, hakuna pahala kidole kitashtuka. Pembe ya umbo, kwa maana ya pale shuleni, ni hiyo sehemu ya kushtuka ambapo mistari miwili inakutana na mwelekeo unabadilika papo hapo. Sinia haina hata moja.

Baba hajakosea kabisa ila kachanganya vitu viwili. 360 ni digrii, na digrii ni kipimo kama kilo. Ukisema duara lina pembe 360 kwa sababu lina digrii 360, ni sawa na kusema gunia lina mahindi 100 kwa sababu lina kilo 100. Hizo 360 ziko kuzunguka kitovu, yaani ukisimama katikati ya duara ukageuka mpaka ukarudi ulikoanza kutazama, umegeuka digrii 360, na hiyo namba tumerithi kwa watu wa Babeli waliokuwa wanahesabu kwa sitini sitini, ndo hao hao waliotuachia dakika 60. Ila naomba baba asikate tamaa, mbele kuna barua ya dereva ambayo itamrudishia heshima yake.

Na bibi, jamani bibi! Bibi kagusa mzizi wa ugomvi wote. Kiswahili chetu kina neno moja, pembe, linafanya kazi za watu watano. Pembe ni ile ya ng'ombe kichwani. Pembe ni ya ndovu. Pembe ni kona ya chumba. Pembe ni ule uwazi unaopimwa kwa digrii kati ya mistari miwili. Halafu ongeza -ni mwishoni inakuwa pembeni, kando, na kando hata duara linayo. Kwa hiyo bibi anaongea Kiswahili safi kabisa, sinia lina pembeni, sema lile la shuleni lilikuwa linauliza kona. Watu watatu nyumba moja kila mmoja kashika pembe yake, hapo mtalala saa ngapi?

SWALI: Mwalimu vipi, mi ni fundi seremala hapa Mwanza, miaka 19 kwenye kazi. Hao wanaosema sifuri hawajawahi kutengeneza meza ya duara. Mi naanza na ubao wa mraba, pembe 4. Nakata zile kona nne napata pembe 8. Nakata tena 16, nakata tena 32, ndo nachukua randa halafu msasa. Kila nikikata pembe zinaongezeka, hazijawahi kupungua hata siku moja, sasa zitakuwaje sifuri mwishoni? Mi nasema duara lina pembe zisizohesabika, ni ndogo tu hazionekani. Nibishie.
Fundi, Mwanza

JIBU: Kaka fundi sikubishii haraka, kwanza nakupa mkono, maana njia yako ndo ile ile aliyopita mwanahesabu Archimedes wa Syracuse kule Sisili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Ye alianza na pembe 6, akaenda 12, 24, 48 mpaka 96, umbo moja ndani ya duara na jingine nje yake, duara likabanwa katikati, na kwa hesabu hiyo akasema mzingo wa duara ukigawa kwa kipenyo unapata namba iliyo kati ya 3 na 10/71 na 3 na 1/7. Ile 22/7 mliyokariri shule ndo hiyo 3 na 1/7. Kwa hiyo meza yako ina ukoo mkubwa.

Sasa twende pamoja kwenye ubao. Umesema pembe zinaongezeka, kweli, ila hebu weka kipimo kwenye kila pembe uone kinachotokea. Mraba kila pembe ni 90. Ukishakata zikawa nane kila moja ni 135. Kumi na sita ni 157.5. Thelathini na mbili ni 168.75. Unaona zinakokwenda? Zinaikimbilia 180, na pembe ya 180 we unaijua, huo ni mstari ulionyooka, ukipitisha kidole hakishtuki. Yaani kila panga lako likipita linaongeza idadi ya pembe na hapo hapo linapunguza makali ya kila moja. Ukifika pembe 3,600 kila moja ni digrii 179.9, hapo hata jicho la fundi wa miaka 19 halioni kitu, lakini bado ni pembe, bado sio duara. Duara lenyewe liko mwisho wa safari ambayo kukata hakufiki, unaikaribia tu, na pale mwisho hakuna kilichobaki cha kuitwa pembe. Barabara ya kwenda Mwanza ina vibao vingi njiani, Mwanza yenyewe sio kibao.

Lakini nataka uone kitu ambacho hakikupotea hata kidogo kwenye kukata kwako kote. Mtu akitembea ukingoni mwa meza yako ya mraba, kila kona anageuka 90, mara nne, jumla 360. Meza ya pembe nane anageuka 45 mara nane, 360. Kumi na sita anageuka 22.5, jumla 360. Thelathini na mbili anageuka 11.25, jumla 360. Umekata wee, kugeuka kuko pale pale. Kwenye duara zile 360 zimesambazwa ukingo mzima kama siagi kwenye mkate, kila sehemu ina kidogo na hakuna sehemu yenye donge. Mi naona hapo ndo uzuri wake ulipo, duara halina pembe ila halijapoteza chochote ambacho pembe zilikuwa nacho.

Na zawadi yako fundi kwa kuandika. Ukiletewa ubao wa duara na hujui kitovu kiko wapi, chukua skwea, ile kona yake iguse ukingo wa duara kwa ndani, halafu weka alama pale mikono miwili ya skwea inapoukata ukingo. Unganisha hizo alama mbili kwa mstari, huo ni kipenyo kamili, unapita katikati. Hamisha skwea sehemu nyingine ya ukingo rudia tena. Mistari miwili inapokatana piga msumari, hapo ndo kitovu. Inafanya kazi kwa sababu pembe yoyote iliyokaa ukingoni ikitazama kipenyo ni 90, popote utakapoiweka. Yaani duara lisilo na pembe limejaa pembe mraba za kufichwa ndani yake, wewe unazitoa kwa skwea tu.

SWALI: Salaam mwalimu. Mie nauza chapati hapa Likoni, Mombasa. Wateja wa chai nawakatia chapati vipande vinne. Juzi mpwa wangu alikuwa na ile seti yake ya jometri, akachukua kipande akapima akaniambia, aunti, kipande chako kina pembe tatu na zote ni 90. Nikamwambia huo urongo, akanionyesha, kweli kona ya skwea yake ikaingia pale katikati nilipokata, na kule kwa ukingo upande huu, na upande ule. 90 mara tatu ni 270. Na shuleni wanafunzwa pembe za pembetatu ni 180 jumla. Chapati zangu zina kasoro gani?
Muuza chapati, Likoni

JIBU: Hazina kasoro dada yangu, na huyo mpwa wako mpe chapati nzima bure leo, kaona kitu ambacho watu wazima wanakula kila siku bila kukiona.

Ile sheria ya 180 ni ya pembetatu yenye pande tatu zilizonyooka. Kipande chako kina pande mbili za kisu na upande mmoja wa mviringo, kwa hiyo sheria haikihusu. Sasa pale ukingoni 90 imetokea wapi wakati upande mmoja umepinda? Tunapima hivi, unaweka rula iguse ukingo wa chapati pale pale kisu kilipotokea, iguse tu isiukate, halafu unapima kati ya rula na njia ya kisu. Kisu kimetoka kitovuni moja kwa moja, na mstari wowote unaotoka kitovuni ukifika ukingoni unakutana na hiyo rula kwa 90 kamili, kila mara, chapati kubwa au ndogo. Ndo maana ukikata vipande sita, kila kimoja kina 60 pale katikati na 90 mbili za ukingoni, jumla 240. Nusu chapati ina kona mbili tu, 90 na 90, umbo lenye kona mbili! Mtafutie mpwa umbo la mistari iliyonyooka lenye kona mbili tu, atahangaika mpaka jioni hatalipata.

Kuhakikisha kwamba hesabu haijavunjika, weka sisimizi mmoja azunguke kile kipande cha robo. Kona ya katikati anageuka 90, ya ukingoni 90, ya pili ya ukingoni 90, hapo 270. Na 90 iliyobaki kaigeuka wapi? Kwenye ule mviringo, polepole bila kujua. Jumla 360, ile ile ya meza ya fundi wa Mwanza. Cha vipande sita anageuka 120 katikati, 90, 90, na 60 ya mviringo. 360 tena.

Na mpwa akienda kutazama mpira amwangalie mpigaji kona. Pale kwenye kibendera pana robo duara imechorwa, nusu kipenyo chake mita 1. Ni kipande chako cha chapati kabisa, kona tatu za 90. Kila uwanja una vinne.

SWALI: Mwalimu mi ni dereva wa semi, Dar kwenda Tunduma na kurudi. Nyie mnasema kona lazima iwe na ncha. Njoo mlima Kitonga nikuonyeshe, hakuna hata moja yenye ncha, zote zimezunguka, na sote tunaziita kona, na kona za Kitonga sio za mchezo. Kwa hiyo kitu cha mviringo kina kona. Na kipilefti ni kona ngapi, moja ndefu?
Dereva, Mbagala

JIBU: Hii ndo barua niliyomwahidi baba wa Morogoro.

Kaka dereva umenipa neno jingine la ugomvi huu. Kona ya barabara sio kona ya chumba, na kwa kweli barabara ikiwa na kona kama ya chumba hakuna semi itakayopita, gari haiwezi kugeuka papo hapo, inahitaji nafasi ya kugeukia. Mnachoita kona ni sehemu ya barabara ambapo usukani hauko katikati. Sasa kwenye kupima kona yenu nyie wenyewe mnasema kona kali na kona ya kawaida, na ukali una mambo mawili ndani yake, umegeuka kiasi gani kwa jumla, na umegeuka kwa umbali gani. Kona ya kugeuka 90 ndani ya mita 200 unaipita unaongea na utingo. Kugeuka 90 hiyo hiyo ndani ya mita 20, na mzigo, na mteremko, hapo kila mtu kimya. Digrii ni zile zile ila zimebanwa, na ukiendelea kuzibana mita 10, mita 5, mita 1, mpaka umbali uwe hakuna, ndo unapata kona ya meza. Kwa hiyo kona yako na kona ya seremala ni ndugu, ya seremala ni yako iliyobanwa mpaka mwisho.

Kipilefti ukizunguka mzima ukarudi ulikoingilia, umegeuka 360. Mtaa wa mraba ukiuzunguka umegeuka 90 mara nne, 360. Baba wa Morogoro unasikia? Zile 360 zako zipo ukingoni pia, sio kitovuni tu, sema ni za kugeuka, sio za kona. Kitonga ni tofauti kidogo kwa sababu barabara inapinda kushoto halafu kulia. Ukigeuka 70 kushoto kisha 70 kulia, gari imerudi kutazama ilikokuwa inatazama, hesabu imekuwa sifuri, ingawa mikono yako imechoka kweli kweli. Safari njema kaka, na punguza mwendo pale.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo Dodoma. Kuna mwenzangu anasema ubishi huu ni wa kitoto, wasomi hawabishani vitu hivi. Je ni kweli? Na je 180 ni pembe au sio pembe?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Mwambie mwenzako wasomi wamegombana haswa, na kwa karne nyingi.

Euclid, yule wa Aleksandria aliyeandika vitabu 13 vya hesabu viitwavyo Elements yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alieleza pembe kuwa ni mwinamo kati ya mistari miwili inayokutana na isiyolala kwenye mstari mmoja. Soma vizuri, kasema mistari, hajasema iliyonyooka. Sentensi inayofuata ndo anasema ikiwa mistari imenyooka, pembe inaitwa ya mistari nyoofu. Maana yake kwake mistari iliyopinda nayo inatengeneza pembe, muuza chapati wetu angekaa naye vizuri tu. Na 180 kwake haikuwa pembe, kaitoa kwa maneno yale yale, mistari isilale pamoja. Sisi leo tunaihesabu kama pembe nyoofu kwa sababu inatusaidia kwenye hesabu, kwa hiyo jibu la swali lako la pili linategemea unakula meza ya nani, ila mtihani wako jibu ni ndiyo, ni pembe.

Sasa moto uko kitabu cha tatu. Chukua duara, weka rula iguse ukingo wake. Pale zinapogusana, kati ya rula na duara, pana kijinafasi chembamba kinachoanzia kwenye nukta na kupanuka taratibu. Hicho ni pembe au sio pembe? Euclid akasema ni ndogo kuliko pembe kali yoyote ya mistari nyoofu unayoweza kuitaja. Taja digrii 1, ni ndogo zaidi. Taja sehemu ya milioni ya digrii, bado ni ndogo zaidi, huwezi kupenyeza mstari mnyoofu hapo katikati. Na ile kona ya nusu chapati akasema ni kubwa kuliko pembe kali yoyote, lakini kwa kuwa kile kijinafasi kimetolewa kwenye 90, haifiki 90.

Wagiriki wakakipa kijinafasi hicho jina la pembe inayofanana na pembe ya mnyama, maana kweli kimechongoka na kupinda kama pembe ya ng'ombe. Nilipolielewa hilo mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Wao walihitaji maneno mawili wayaunganishe, sisi Waswahili neno ni moja tangu mwanzo, pembe ni pembe!

Mwaka 1557 Mfaransa Jacques Peletier akasema hicho sio pembe, sio kiasi chochote, duara na rula pale zinapogusana zinaelekea upande mmoja basi. Akaja Christopher Clavius, padri Mjesuiti aliyefundisha Roma na ambaye jina lake liko kwenye kazi ya kalenda tunayotumia tangu 1582, katika chapa yake ya Euclid ya 1574 akampinga, akasema ni pembe na ina ukubwa, ila ukubwa wa aina nyingine usioweza kulinganishwa na pembe za mistari nyoofu. Hawakupatana. Leo kwenye vipimo tunatumia mwelekeo wa ile rula inayogusa, kwa hiyo kijinafasi kinahesabiwa 0 na kona ya nusu chapati ni 90 kamili, Peletier kashinda darasani. Ila moyo wangu unamwelewa Clavius, kwa sababu duara dogo na duara kubwa yote yakigusa rula yanaacha vijinafasi tofauti kabisa kwa macho, la dogo linaachia rula haraka, la kubwa linaing'ang'ania, na kuviita vyote sifuri kuna kitu kinapotea. Kinachopotea ndo ule ukali wa kona wa dereva wetu.

SWALI: Kwenye karata je? Tunacheza hapa tumebishana, kopa ina pembe ngapi na uru ngapi?
Wachezaji, Tanga

JIBU: Uru 4, hamna ubishi. Kopa 2, ile ncha ya chini na lile bonde la juu katikati. Bonde nalo ni pembe, ni kwamba kwa ndani linapita 180. Yale mabega mawili ya mviringo hayahesabiwi. Endeleeni kucheza.

SWALI: Hujambo mwalimu, naandika kutoka Nanyuki, hapa kwetu laini ya ikweta inapita na kuna kibao watalii wanapiga picha. Nimesikia eti hapa unaweza kuchora pembetatu ya mistari iliyonyooka yenye pembe mbili za 90 na bado ikafunga. Ni kweli ama ni stori za watalii?
Msomaji, Nanyuki

JIBU: Sijambo ndugu yangu. Ni kweli, na uko pazuri kuliko wote wa kuichora.

Simama hapo kwenye laini, geuka uelekee kaskazini kamili, uende bila kupinda kushoto wala kulia mpaka ncha ya kaskazini ya dunia, kama kilomita 10,000. Mwenzako aanzie Macapá kule Brazil, mji ambao ikweta inapita pia, kuna hadi uwanja wa mpira wanaouita Zerão ambao mstari wake wa katikati umewekwa kufuata ikweta. Naye aelekee kaskazini kamili. Wewe ulipotoka njia yako na ikweta zilifanya 90, na yeye 90. Kwenye karatasi watu wawili wa namna hiyo hawakutani milele, nyie mnakutana ncha ya kaskazini. Nanyuki iko kama digrii 37 mashariki, Macapá kama 51 magharibi, kwa hiyo pale juu mnakutana kwa pembe ya kama 88. Jumla 90 na 90 na 88 ni 268.

Mistari hiyo kwa mtembeaji imenyooka kabisa, hajageuza usukani hata kidogo, kilichopinda ni dunia chini ya miguu. Na ile 88 iliyozidi juu ya 180 haikuja bure, inakuambia ukubwa wa eneo mlilozungushia, ni sehemu 88 kati ya 720 za uso wote wa dunia, karibu moja ya nane. Shamba lako la ekari mbili nalo linazidi 180, ila kwa kiasi ambacho hakuna kifaa cha mpima ardhi kitakachokiona. Hiyo 720 shikeni hapo hapo msiiachie.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nina miaka 11. Mpira wa miguu ni wa mviringo lakini una vipande vyenye pembe. Sasa una pembe au hauna?
Mtoto wa darasa la sita, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza swali gumu kuliko wote hapa na umetumia maneno machache kuliko wote.

Mpira ule wa vipande vyeusi na vyeupe, kama uliotumika Kombe la Dunia 1970 kule Meksiko, una vipande 32. Vyeusi 12 vina pembe tano tano, vyeupe 20 vina pembe sita sita. Kila mahali ncha zinapokutana pana kipande cheusi kimoja na vyeupe viwili. Vyeusi ni 12, kila kimoja kina ncha 5, kwa hiyo ncha zote za mpira ni 60.

Sasa kata karatasi, kipande kimoja cha pembe tano na viwili vya pembe sita, pande zote ziwe sawa, vilaze mezani ncha zikutane. Pembe ya kile cheusi ni 108, kila cheupe 120, jumla 348. Kuzunguka nukta inatakiwa 360, kwa hiyo utaona mwanya mdogo wa digrii 12 umebaki. Ukiufunga huo mwanya kwa gundi karatasi inakataa kulala, inanyanyuka kama kofia. Hapo ndo mviringo unapozaliwa. Mpira una pembe, na kila ncha yake imekosa digrii 12, na kukosa huko ndo kunaufanya uzunguke. Ncha 60 mara 12 ni 720.

Halafu chukua boksi la chaki. Lina ncha 8, kila ncha zinakutana 90 tatu, yaani 270, umekosa 90. Nane mara 90 ni 720. Na zile pakiti za maziwa za zamani zenye ncha nne, tuchukulie pande zake zote ni sawa, kila ncha zinakutana 60 tatu, yaani 180, umekosa 180, mara nne ni 720. Mfaransa René Descartes ndo aliliona hili miaka ya 1600, kwamba umbo lolote la pande bapa lililofunga bila tundu katikati, ukijumlisha ilichokosa kila ncha lazima ufike 720. Na dunia ya yule ndugu wa Nanyuki, ambayo haina ncha hata moja, imezisambaza 720 hizo hizo uso mzima, kama meza ya fundi ilivyosambaza 360.

Tengeneza umbo lako la karatasi, lolote unalotaka, hata nyumba yenye paa. Hesabu ncha zote pamoja na za chini, pima kila moja imekosa ngapi, ujumlishe. Ukipata tofauti na 720 niandikie na unitumie hilo karatasi lenyewe, nitakaa nalipima mpaka tujue digrii zimepotelea ncha ipi.